Barua ya wazi kwa mnaosimamia kahawa ya Uganda: vijana tufungulieni mlango wa katikati

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kilimo, Ufugaji na Uvuvi,
Kwa Waheshimiwa wabunge wa Kamati ya Kilimo,
Na kwa wote mliokabidhiwa kahawa ya nchi hii,

YAH: VIJANA KUFUNGIWA NJE YA BIASHARA YA KAHAWA YA NDANI

Waheshimiwa, shikamooni na poleni na kazi.

Mimi ni binti wa miaka 28, nanunua kahawa kidogo kidogo na kuikaanga hapa Mbale, chini ya Mlima Elgon. Baba alikuwa askari, tumelelewa kambini, ndo maana Kiswahili kwangu ni lugha ya nyumbani, alafu alipostaafu tukarudi kwa babu huko mlimani kwenye shamba lake la kahawa. Naandika kwa Kiswahili makusudi. Baraza la mawaziri lenyewe mwaka 2022 lilipitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe mashuleni, na pia soko la kahawa la huku mpakani ndo linaongea hivyo, Mgisu na Msabiny na dereva wa lori la Mombasa na Mkenya aliyevuka Lwakhakha asubuhi, wote tukikutana kwenye mizani tunaelewana kwa Kiswahili.

Sikupenda kuleta mambo haya hadharani. Nimeandika barua tatu kwa ofisi moja ambayo sitaitaja hapa, nimepigiwa muhuri wa "imepokelewa" mara tatu, nimepanda ngazi za hiyo ofisi mpaka askari wa getini ananijua jina. Hakuna jibu. Wenzangu nao, tuko kikundi cha vijana kumi na wanne, kila mtu ana stori yake ya aina hiyo hiyo. Kwa hiyo nimeona bora niseme mbele ya watu wote, kwa heshima, lakini niseme.

Kitu ninachotaka kusema ni kimoja tu, hayo mengine yote yanatoka humo. Kahawa ina ncha mbili na katikati. Ncha ya chini ni shamba, huko vijana tupo, tunapalilia na kuchuma na kubeba magunia. Ncha ya juu ni meli inayotoka Mombasa, huko hatujafika na wala si kesho tunataka kufika. Lakini katikati hapa, kununua, kumenya, kukoboa, kukaanga, kusaga, kufungasha, kumwaga kwenye kikombe cha Mganda mwenzako, ndo mahali pesa ndogo ndogo za kila siku zinapopatikana, na ndo mahali ambapo mlango umefungwa. Haujafungwa kwa tangazo, hakuna sheria inayosema vijana marufuku, hapana, umefungwa kwa mambo madogo madogo mengi ambayo kila moja peke yake linaonekana la kawaida.

Na si kwamba nchi ni maskini wa kahawa jamani. Robusta asili yake ni kwenye misitu yetu hii, mpaka leo iko ya porini msitu wa Kibale. Afrika nzima anayetuzidi kuzalisha ni Ethiopia peke yake. Mwaka wa fedha 2023/24 tuliuza nje magunia milioni 6.13 ya kilo 60, zikaingia zaidi ya dola bilioni 1.1, alafu bei ikazidi kupanda mpaka Februari 2025 arabika sokoni New York ikapita dola 4 kwa paundi, kitu ambacho hata wazee waliouza kahawa miaka ya sabini hawakuwahi kukiona. Sasa katika utajiri wote huo kijana wa Sironko au wa Bududa anapata nini? Anapata kibarua cha kuchuma, na akichoka anaenda mjini kuendesha boda.

Haya ndo malalamiko yetu.

1. Leseni inayomsubiri mtu mpaka msimu uishe

Sheria ya Kahawa ya mwaka 2021 inataka watu wa kwenye mnyororo wajulikane, kuanzia mwenye kitalu cha miche, mnunuzi, mwenye mashine, mpaka anayekaanga. Sina ugomvi na hilo. Mtu asiyejulikana anaweza kununua kahawa ya wizi au mbichi, akaharibu jina la mlima mzima. Ugomvi wangu ni kwamba mtu mwenye magunia matatu na kampuni yenye maghala wanajikuta kwenye foleni moja, fomu zile zile, maswali yale yale ya ghala na vifaa, na yule mwenye magunia matatu hana karani wa kumfuatilia mambo.

Ngoja niwaeleze yaliyonipata. Msimu wa mwaka jana nilikusanya magunia matatu ya pachimenti safi, yaani kahawa iliyomenywa ila bado ina ganda lake la ndani, nilinunua kwa akina mama saba wa kijiji kimoja huko juu, nikalipa keshi, kila mmoja nikamwandikia risiti, kopi nikabaki nayo kwenye daftari. Kahawa ilikuwa imekaushwa kwenye vichanja, sio chini kwenye vumbi, nimeipima mwenyewe unyevu iko chini ya asilimia 12. Nikakodi pikapu. Njiani tukasimamishwa. Leseni iko wapi? Nikatoa risiti ya malipo, nikaeleza kwamba leseni niliiomba miezi minane iliyopita na hela nimelipa, kila nikienda naambiwa rudi wiki ijayo. Yule bwana akasema risiti ya malipo sio leseni. Ni kweli, sio leseni, hapo sibishani naye, lakini sasa mimi nifanye nini wakati anayetakiwa kunipa hiyo leseni ndo anayeikalia?

Mmoja wao akanivuta pembeni akaniambia nitoe chai kidogo mambo yaishe. Nikakataa, sababu nikianza kutoa nitatoa kila msimu, na hiyo hela haitatoka hewani, itatoka kwenye bei ya yule mama wa mlimani. Basi kahawa ikashushwa, ikafungiwa chumba kinachovuja siku kumi na moja. Nilipoirudishiwa ilikuwa imenyonya maji, inanuka ukungu, na kahawa ikishashika ukungu hata ukianika mwezi mzima ile harufu hutoi, inakuja mpaka kwenye kikombe. Nikauza kwa hasara kwa mtu anayechanganya. Mtaji wa miaka miwili uliishia pale.

Leseni yenyewe mpaka naandika barua hii sijaiona.

Alafu likaja jambo la 2024. Mwezi wa kumi na moja Bunge lilipitisha marekebisho, UCDA, ile mamlaka ya kuendeleza kahawa, ikavunjwa, kazi zake zikaingia wizarani. Sitaki kufufua ule ugomvi, siku ile bungeni mpaka ngumi zilirushwa, na hata kwetu mlimani kila mtu ana upande wake. Uamuzi umeshafanyika. Ninachouliza ni kitu cha kawaida kabisa, kijana wa kijijini leo aende dirisha gani? Anaenda kwa afisa kilimo wa sabukaunti, anaambiwa hayo ya kahawa nenda wilayani, wilayani wanamwambia subiri maelekezo ya Entebbe, makao makuu ya wizara. Nauli ya Mbale kwenda Entebbe na kurudi, na kulala, ni faida ya gunia zima.

2. Mtaji

Hapa mtatuambia kuna PDM, ule mpango wa serikali wa kukopesha watu kupitia parishi zao. Tunashukuru, kuna watu imewasaidia kweli, nimeona kwa macho yangu mama amenunua ng'ombe. Lakini tupige hesabu ya kahawa. Mwanzoni mwa 2025 kase, kahawa ya robusta iliyokobolewa, ilipita shilingi 13,000 kwa kilo. Mkopo wa PDM ni milioni moja. Gawa mwenyewe, unapata kilo 76, gunia moja na kidogo. Kwa gunia moja hujakodi gari, hujalipa mtu wa mizani, hujanunua hata turubai. Hiyo ni hela ya mtu wa kufuga kuku au kupanda miche, na ndo ilivyokusudiwa, haikutengenezwa kwa ajili ya mtu anayenunua mazao ya wenzake.

Benki nazo zinataka hati ya ardhi. Kijana gani wa Bugisu ana hati ya ardhi, wakati baba yake mwenyewe hana, shamba ni la ukoo na mpaka wake ni mti wa mvule?

Kwa hiyo nani ana keshi msimu ukifunguka? Ajenti wa makampuni makubwa. Hela anapewa asubuhi, jioni anahesabu kilo. Simchukii, naye ni mtoto wa watu na anatafuta. Lakini angalieni inavyokuwa: mwezi wa tano, ule mwezi wa njaa na ada za shule, mkulima anaishiwa, anakuja mtu na shilingi laki mbili anamnunulia kahawa ikiwa bado ua mtini. Ikiiva sio yake tena. Mimi kijana wa kijiji hicho hicho, ninayejua kahawa ya mama huyo ni nzuri kuliko ya jirani yake, ninayeweza kumpa bei zaidi sababu naikaanga mwenyewe, nikifika mwezi wa kumi naambiwa mwanangu umechelewa, ile ilishaliwa.

Inaniuma hii kuliko hata yale magunia matatu.

3. Nani ana daftari la mashamba

Hili naona watu wengi hawalisemi. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 sheria ya kuzuia mazao yanayotoka kwenye misitu iliyokatwa, na kahawa imo. Imeahirishwa zaidi ya mara moja lakini inakuja, na kahawa yetu sehemu kubwa inaenda huko huko, Italia wakiwa wa mbele. Kwa hiyo kila shamba linatakiwa lipimwe lionekane kwenye ramani liko wapi. Sawa. Sasa kampuni ikimtuma mtu na simu yake, akazunguka shamba la babu yangu, akabonyeza, akachukua pointi zote, hiyo ramani inakaa kwenye kompyuta ya nani? Babu hana kopi. Hana hata namba. Msimu ujao akitaka kuniuzia mimi, nami nikatafuta mnunuzi wa nje anayetaka ushahidi wa shamba, ushahidi uko kwa yule mwingine. Yaani mkulima anafungwa kamba bila hata kujua, na sisi wadogo tunafungiwa nje kwa kitu ambacho hakina kufuli wala ukuta.

4. Kikombe

Naomba hapa mnivumilie.

Niliwahi kwenda Mombasa na lori la kahawa, nilitaka kuona magunia yetu yanaishia wapi. Jioni pale Mji wa Kale nikamkuta mzee ana dele lake la shaba, makaa chini, vikombe vidogo vinagongana mkononi, watu wamekaa barazani wanakunywa kahawa chungu na kashata, wanaongea siasa, mzee anakusanya sarafu. Jirani yake kijana anauza hiyo hiyo kwa kutembeza. Nikasimama nikaangalia nikasikia kulia. Pale hapalimwi hata mti mmoja wa kahawa. Na mimi natoka kwenye mlima wa kahawa, ambako ukienda hotelini ukaagiza kahawa unaletewa maji ya moto na kipakti cha unga kilichotengenezwa nchi nyingine.

Mtu anaweza kuniambia Waganda sio watu wa kahawa, ni watu wa chai. Sio kweli hata kidogo. Baganda, kabila la katikati ya nchi, wanatafuna mwanyi, kahawa iliyochemshwa na kukaushwa, tangu enzi za mababu, mgeni akija anakaribishwa nayo, na waliokula kiapo cha undugu walikula kahawa pamoja. Chai ndo imetukuta hapa hapa. Tumeacha kuinywa kahawa yetu sababu tulifundishwa kwamba ni ya kuuza, ukikutwa unaisaga nyumbani unaonekana unakula mbegu. Ethiopia wanakunywa karibu nusu ya kahawa yao. Brazil wanakunywa nyumbani magunia zaidi ya milioni 20 kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya yote tuliyouza sisi nje mwaka ule nilioutaja. Na bei ya dunia ikianguka, kama ilivyoanguka mara nyingi, wao wana mahali pa kuiuza. Sisi tuna nini? Tunasubiri New York ituambie tutakula nini.

Tupige hesabu tena, mimi napenda hesabu. Tuchukue bei ile ile ya mwanzoni mwa 2025, kilo moja ya kase kwa shilingi 13,000. Nikikaanga inapungua, inabaki kama gramu 800. Kikombe kimoja kinataka gramu 10. Hivyo ni vikombe 80. Niuze barabarani kwa shilingi 1,000 tu, bei ya mtu wa boda, ni shilingi 80,000. Toa makaa, toa sukari, toa vikombe, toa anayetembeza, toa siku ambazo mvua inanyesha hakuna mtu, bado kijana amekula na mkulima amelipwa vizuri, na hiyo kilo haijavuka mpaka wa Malaba kwenda Kenya. Kwenye mikahawa ya Kampala kikombe hicho hicho kinauzwa mara tano au zaidi.

Tatizo ni mashine. Jiko la kukaangia la maana, hata dogo la kilo tano, linaagizwa nje na bei yake ni ya gari kuukuu. Sisi tunakaangia kwenye sufuria na kwenye pipa tulilochomelewa na fundi, kahawa inatoka nyingine nyeusi nyingine rangi ya maharage, tunachagua kwa mkono. Alafu ili uuze pakti dukani inatakiwa alama ya Q ya ubora kutoka UNBS, shirika la viwango la Uganda, jambo zuri, mteja anatakiwa alindwe, lakini vipimo na ukaguzi vinagharimu na tena kila mmoja wetu anatakiwa aombe peke yake kwa jina lake na chumba chake. Vijana kumi na wanne, vyumba kumi na vinne, hakuna hata mmoja atakayefika.

5. Mafunzo

Hili ni fupi. Vijana wamefundishwa ubarista, yaani kutengeneza vikombe vya kahawa kwa mashine, kuna mashindano, kuna vyeti, vizuri. Lakini unamfundisha mtu kuchora jani juu ya maziwa alafu anarudi kijijini ambako hakuna mashine ya kahawa. Tufundisheni kuonja. Mtu anayejua kuonja anajua kahawa hii iliachwa kwenye ndoo siku mbili, hii ilianikwa chini, hii ni safi inafaa bei ya juu. Kwenye kijiji chetu hakuna mtu hata mmoja anayeweza kumwambia mkulima kwa nini kahawa yake imekataliwa. Anaambiwa tu ni mbaya, na bei inashuka hapo hapo.

Sasa najua majibu mtakayonipa, mengine nimeshaambiwa kwa mdomo.

Mtasema biashara ya kahawa iko huru tangu 1991, ukiritimba wa Bodi ya Kahawa uliisha, mwenye nguvu aingie. Ni kweli ilifunguliwa, na wazee wetu wanashukuru sababu zamani walikuwa wanapewa karatasi wanasubiri hela mpaka wanasahau. Lakini miaka zaidi ya thelathini baadaye makampuni kumi ya juu ndo yanayobeba zaidi ya nusu ya kahawa inayotoka nchini. Uhuru wa mtu mwenye dola ya mkopo wa riba ndogo kutoka nje na uhuru wangu mimi na daftari langu haulingani, na hilo halihitaji msomi kulieleza.

Mtasema vijana wataharibu ubora. Waheshimiwa, ubora unaharibiwa na haraka. Kahawa inachumwa mbichi sababu wezi wanaingia mashambani usiku tangu bei ipande, watu wanalala shambani na panga. Na wezi wanauza kwa nani? Wanauza kwa yule asiyeuliza. Mimi nikiwa na leseni ya kijiji changu, namjua kila mwenye shamba na miti yake mingapi, mtu akiniletea magunia mawili wakati najua ana miti thelathini, namuuliza. Wa mbali hawezi kuuliza, hajui.

Mtasema tukilegeza masharti magendo yatarudi. Hapo ndo mnasikia vibaya historia. Babu anasimulia mambo ya 1976 na 1977, baridi ya barafu ilikuwa imeua miti ya kahawa ya Brazil mwaka 1975, bei ya dunia ikaruka, huku bodi inalipa kidogo na kwa kuchelewa, basi watu wakabeba kahawa mgongoni usiku, wanavuka mlima na mito kwenda Chepkube upande wa Kenya, na wengine hawakurudi. Walivuka sababu njia ya halali ilikuwa imefungwa. Kahawa ina tabia ya maji, ukiziba hapa inatokea pale. Mkitaka ipite mezani, wekeni meza.

Mtasema bajeti hakuna. Kwa mengi ninayoomba hapa chini haihitajiki bajeti, inahitajika mtu wa kusaini. Na mwaka 2022 serikali iliweza kusaini mkataba wa kuipa kampuni moja nafasi ya kwanza kwenye kahawa bora ya nchi nzima, pamoja na misamaha ya kodi, mpaka nchi ikapiga kelele na Bunge likataka mkataba huo usitishwe. Kama kampuni moja ingeweza kufikiriwa yote hayo, basi na vijana wa nchi wafikiriwe kidogo.

Tunachoomba ni hivi.

Kwanza, leseni ya mnunuzi mdogo na mkaangaji mdogo. Itolewe sabukaunti, kwa ada ndogo, na kikomo cha magunia kwa msimu ili makampuni yasijifiche humo. Afisa ajibu ndani ya siku 14, akikataa aandike sababu. Zikipita siku hizo kimya, risiti ya malipo ihesabike kuwa leseni mpaka atakapojibu, na iandikwe hivyo ili yule wa barabarani naye aisome.

Pili, kila eneo la kahawa, Elgon huku, Kasese, Masaka, Zombo na kwingine, pawe na nyumba moja yenye mashine ya kukoboa, jiko la kukaangia, kinu na meza ya kuonjea. Sisi tulipe kwa kilo. Hatuombi bure. Na alama ya Q itolewe kwa nyumba hiyo, wote tunaokaangia humo tuitumie tukikaguliwa pamoja.

Tatu, sheria ya stakabadhi ghalani iko tangu 2006. Ifanye kazi kwa kahawa kuanzia gunia moja, mkulima aweke kahawa, apate karatasi, karatasi impe mkopo mwezi wa tano. Hapo hatauza maua. Na sisi vikundi vya vijana tupate mkopo wa msimu, tunachukua mwezi wa tisa tunarudisha wa tatu, dhamana iwe kahawa yenyewe ghalani na sio hati ya ardhi tusiyokuwa nayo.

Nne, ramani ya shamba iwe mali ya mkulima. Apewe namba yake na karatasi yake, aipe anayemuuzia, na kampuni isiyotaka kumpa kopi isiruhusiwe kupima.

Tano, na hili mnaweza kulianza Jumatatu asubuhi, ofisi za serikali ziache kununua vile vipakti vya nje. Mikutano ya wizara, wilaya, Bunge, iwe na kahawa ya Uganda iliyokaangwa Uganda, na sehemu ya manunuzi hayo itengwe kwa wakaangaji vijana.

Sita, mafunzo ya kuonja, watu wawili kila sabukaunti inayolima kahawa. Wawili tu tuanze nao.

Msimu mkuu huku mlimani unafunguka kuanzia mwezi wa tisa au wa kumi kutegemea mvua. Tunaomba jibu la maandishi kabla ya hapo, hasa kwa ombi la kwanza, sababu likichelewa tunapoteza mwaka mwingine mzima. Mkitaka kutusikia ana kwa ana tuko tayari kuja, au mje nyie, tuwapandishe kijijini muwasikie na wale akina mama saba, wawaambie wenyewe kahawa yao ilifikia wapi. Mimi nilirudi kwao na daftari langu nikawaeleza. Walinikaribisha, wakaniambia mwanetu tutakuwekea tena, we lete leseni.

Nawashukuru kwa muda wenu, na kwa heshima zote,

Mnunuzi mdogo na mkaangaji wa kahawa,
kwa niaba ya kikundi cha vijana kumi na wanne,
Mbale